Kobe wa Ndara, Msitu wa Oregon

Ndoo ya kwanza ilikuwa na kopo la maharage. Ilikuwa ndoo nyeusi ya plastiki, imefukiwa nusu udongoni pembezoni mwa barabara ya mashambani karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000. Mwenyewe, Dave Ulmer, alitia humo pia vitabu, kanda za video, programu za kompyuta, pesa kidogo na manati. Siku moja nyuma, kwa amri ya Rais Bill Clinton, kilikuwa kimezimwa kile kizuizi ambacho jeshi la Marekani lilikitumia kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayowafikia raia. Kifaa kilichokuwa kikikupoteza kwa mita mia moja hivi, usiku mmoja tu kikaanza kujua umesimama upande gani wa barabara. Ulmer alitaka kuona kama mgeni anaweza kuifikia ndoo yake kwa kufuata namba peke yake. Akazitangaza namba hizo kwenye intaneti, akaongeza sharti jepesi: chukua kitu, acha kitu. Siku chache baadaye Mike Teague akafika, akatia jina lake kwenye daftari lililokuwamo. Mwezi haujaisha mchezo ukapewa jina, jiokashingi, na leo makasha yake yametapakaa mabara yote, Antaktika ikiwemo.

Wanaoandika kuhusu mchezo huu hupenda kueleza mambo ya satelaiti. Mimi lililonishika ni lile sharti. Mtu wa Mombasa ukimwambia aache kitu atakuuliza: kitu gani, cha thamani gani, na nani atakiona? Kwa maswali hayo nilitoka soko la Marikiti nikafika kwenye misonobari ya Oregon.

Kaka yangu anaishi Portland na mkewe na binti yao wa miaka 9, na huyo binti ndiye msakaji wa makasha wa nyumba hiyo. Aliposikia Shangazi anakuja alinitumia ujumbe wa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya mtu anayetoa oda dukani. “Shikamoo Shangazi. Nguo usilete, ninazo. Leta vitu vya kuweka kwenye kasha. Visiwe vikubwa, visioze, visiwe visu, na visinuke wala visinukie.”

Hapo kwenye kunukia ndipo aliponikata maini. Fahari ya pwani yetu yote ni harufu. Nilipita Marikiti asubuhi kabla jua halijakolea, nikasimama mbele ya vibanda vya viungo: karafuu za Pemba, hiliki, mdalasini, vanila iliyofungwa vifurushi, kahawa iliyokaangwa jana. Ukiingia ndani zaidi unakutana na udi na ubani, na akina mama wenye vikuba na asumini. Kila kitu ambacho mgeni angekifungua akasema “alaa, hii ndiyo Mombasa” kilikuwa kimeshapigwa marufuku na mtoto wa miaka 9.

Naye ana haki. Kasha hukaa msituni miezi, pengine miaka, na misitu ya Oregon ina dubu weusi na rakuni. Huyu rakuni ni mnyama mwenye pua kali na vidole vinavyofungua vifuniko. Pipi moja inatosha kumfanya akeshe akitafuna plastiki mpaka iachie. Sabuni ya manukato nayo humdanganya kwamba ndani mna chakula, na hasira za kudanganywa hulipiwa na kasha zima. Kwa hiyo kanuni za mchezo zimekataza chakula chochote, pamoja na silaha, pombe, dawa na kila kisichofaa kuonwa na mtoto. Kopo la maharage la Ulmer leo lisingeruhusiwa, na manati yake ingezua maneno.

Hata kama rakuni wasingekuwepo, kuna afisa wa forodha. Mbegu, maganda, majani, chochote kilichotoka mtini lazima ukitaje unapoingia Marekani, na afisa akikitilia shaka anakitupa mbele ya macho yako. Shanga za mbegu nilizokuwa nimezipenda nikaziacha dukani. Simbi na makombe sikuyafikiria kabisa: kwenye Hifadhi ya Bahari ya Mombasa kuyaokota ni kosa, na hata yanayouzwa barabarani yananipa wasiwasi, kwa sababu muuzaji hakuambii aliyaokota wapi.

Kilichonitoa kimasomaso ni ndara kuukuu. Bahari ya Hindi hututapikia ndara za mpira mwaka mzima, zetu na za watu wa ng'ambo, na kampuni ya Ocean Sole ya Kenya imezifanya mtaji. Wanazinunua kwa watu wanaoziokota ufukweni, wanaziosha, wanazibandika kwa gundi tabaka juu ya tabaka, kisha mafundi wanazichonga na kuzipiga msasa zikawa wanyama. Twiga wao wakubwa wanamzidi mtu kimo. Mimi nilimtaka kobe wa kutosha kiganjani, na nilipompata sikumwachia. Gamba lake lina mistari ya pinki, bluu, nyeusi na manjano, kila mstari ni ndara ya mtu. Ukimbinya anabonyea na kurudi. Ukimtumbukiza kwenye glasi ya maji anaelea, ukimtoa maji yanamwagika yote. Hana betri, hana rangi ya kubanduka, hana chembe ya kushika kutu. Tumboni kwake bado mna vile vijialama vya almasi vya soli, vimelika upande mmoja tu, yaani aliyeivaa alikuwa akitembea akiegemea kisigino.

Nikaongeza sarafu. Zile za Kenya zilizotoka 2018 zimeondoa nyuso za marais na kuweka wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, tembo kwenye 20. Kwa shilingi 36 unampa mtu wanyama wanne wa chuma, na hakuna duka la Portland litakalokuuzia hao kwa bei hiyo. Sarafu ya ugenini ina uzuri mwingine, kwamba anayeipokea hajui thamani yake wala hana haja nayo. Benki haitaibadilisha. Inabaki simba tu.

Kisha leso. Niliingia Barabara ya Biashara nikachagua leso yenye jina linalosomeka vizuri, “Mgeni njoo, mwenyeji apone”, nikalikata lile jina na pindo lake dogo. Kitambaa kitupu hakifai kasha. Kikinyonya unyevu kinaota kuvu na kuambukiza kila kilicho jirani. Nikampelekea kijana wa laminesheni, nikamsimamia. Wengi huagiza plastiki ikatwe sambamba na karatasi ili kazi ionekane nadhifu, na hapo ndipo maji yanapoingilia. Acha ukingo wa plastiki tupu upana wa nusu kidole kuzunguka pande zote, plastiki na plastiki zishikane, ndipo utakuwa umefunga kweli. Wazo la kubeba picha ndogo za Tingatinga nililiacha kwa sababu ya aina hiyohiyo. Rangi ya enameli wanayoitumia wachoraji wale, ambayo Edward Saidi Tingatinga alianza nayo Dar es Salaam mwaka 1968, inavumilia maji bila taabu. Ubao wa nyuzi za mbao ulio chini yake ndio unaoyanywa, ukavimba, na rangi ikapasuka juu yake.

Mwisho zikaja bangili za shanga, na hapo nilikawia, kwa sababu ya rangi. Shanga za kioo ambazo Wamasai wamezifanya zao huagizwa kutoka Jamhuri ya Cheki, na biashara ya shanga za kigeni pwani hii ina umri mkubwa kuliko mji mpya wa Mombasa wote. Henry Morton Stanley, alipokuwa Zanzibar mwaka 1871 akijitayarisha kwenda kumtafuta Livingstone, aliumwa kichwa na shanga kuliko bunduki. Nyeusi zilikuwa pesa Ugogo, ukitoka Ugogo hazinunui kitu. Nyeupe zilipokewa Ufipa, zikadharauliwa Ukonongo. Unyamwezi walitaka nyekundu. Ilimbidi awaulize wafanyabiashara wa Kiarabu waliokwishaingia bara, kwani aliyekosea rangi aliwabebesha wapagazi mzigo wa kokoto hadi Tabora. Pamoja na shanga walibeba majora ya merikani, nguo iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts. Basi Marekani ilishafika hadi bara zamani. Sasa ilikuwa zamu ya mtu wa pwani kubeba shanga kwenda kwao na kujiuliza wenyeji wanapenda rangi gani.

Nilichukua za kila rangi. Woga ni woga tu.

Oregon mwishoni mwa Septemba ina tabia ya kukuonyesha jua asubuhi ili uache koti. Tulianzia Forest Park, msitu ulio ndani ya jiji la Portland wenye zaidi ya ekari 5,000, na njia yake kuu, Wildwood, ina urefu wa karibu kilomita 48. Sisi tulishika njia ya chini inayofuata kijito cha Balch. Misonobari ya Douglas inasimama hapo mirefu kiasi kwamba ukitafuta ncha unaona kofia yako chini. Kila gogo limevaa kuvumwani, kila jiwe linateleza, na mikangaga inafika kiunoni. Njiani kuna kijumba cha mawe kisicho na paa, kilichojengwa miaka ya 1930 kiwe choo cha wapitaji. Kimbunga cha mwaka 1962 kikakiharibu, jiji likakiacha, na vijana wakakipa jina la ngome ya mchawi. Ndivyo kinavyopigwa picha leo, na hakuna anayeambiwa kwamba anajipiga picha chooni.

Kasha letu lilikuwa juu zaidi. Pahali penyewe sipataji, mwenye kutaka atafute. Chini ya miti minene GPS huanza kuweweseka; mshale wa simu ulituambia mita 6 kaskazini, halafu mita 9 kusini, na sisi tumesimama palepale. Binti wa kaka yangu akaitia simu mfukoni. “Sasa tunatafuta kisicho cha msitu, Shangazi.” Akaenda akainama kwenye kisiki, akaondoa vijiti vitano hivi vilivyokuwa vimelala sambamba. Msitu haupangi vijiti. Chini yake kulikuwa na chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula, vile vyenye kifuniko cha kubana pande nne, na upande mmoja wa kubania ulikuwa umevunjika.

Alipokifungua tulipigwa na uvundo wa kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo. Ndani mlikuwa na maji kidogo, na ndani ya maji hayo mlikuwa na mpira wa gofu, kadi ya wakala wa nyumba, stika zilizogandamana zikawa tofali, mwanasesere wa mkahawa wa vyakula vya haraka asiye na mkono, tiketi ya basi, karata moja tu, saba ya shupaza, tochi ndogo yenye betri iliyochanua unga wa kijani, na kichupa cha mapovu ya watoto kilichokuwa kimevuja chote. Hicho kichupa ndicho mhalifu. Mtu hukinunua kwa nia njema, mtoto gani hapendi mapovu? Baridi ya Januari inakibana, joto la Julai linakitanua, kifuniko kinaachia, na sabuni inafanya yaliyobaki. Krayoni na mishumaa, ambayo nayo huachwa kwa nia njema hiyohiyo, huyeyuka kiangazi na kupaka kila kitu nta. Daftari la kasha lilikuwa salama kwa sababu moja tu, lilikuwa kwenye kimfuko cha plastiki chenye zipu. Kwetu Kenya mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, na kwa kweli siikumbuki kwa hamu, ila siku ile nilikiangalia kile kimfuko kwa heshima.

Vilivyopona ni viwili: gololi ya kioo na dinosau wa plastiki mwenye meno. Mtoto akamtaka dinosau.

Ikawa sasa tuache nini. Kanuni ya wasakaji ni fupi: acha chenye thamani sawa na ulichochukua, au zaidi, kama huna, saini daftari uende zako. Kaka yangu, ambaye ni mhasibu na hupenda mizani ikae sawa, alisema sarafu ya simba inatosha kwa dinosau. Binti yake akakubali, na akaongeza kwamba kobe asipotezwe kwenye kasha bovu kama lile. Mimi nikasema ni kinyume chake. Bangili zingeota kutu kwenye vile vijiwaya vya ndani, leso ingekuwa na bahati tu, sarafu ingebaki lakini ingechafuka. Kobe peke yake ndiye aliyezaliwa majini. Kasha likivuja, wekea kisichojali maji. Kasha la chuma lililokuwa la risasi za jeshi, lenye mpira wa kuziba kwenye kifuniko, ndilo la kuwekea vitu vya fahari. Mtoto alinitazama kwa muda, akampekua kobe tumboni, akamweka. Tulikausha chombo kwa karatasi, tukaufunga ule ubanio kwa utepe wa gundi uliokuwa mkobani mwa wifi yangu, na uchafu wote tukautia mfukoni kurudi nao, maana tangu 2002 wachezaji wameufanya huo nao kuwa desturi, uingie na kasha utoke na takataka.

Mwanahistoria wa kale Herodoto amesimulia kuhusu watu wa Karthago waliofanya biashara kwenye pwani ya Afrika, kupita Nguzo za Herakle, bila kuonana na wenyeji. Walipanga bidhaa ufukweni, wakarudi melini, wakafukiza moshi. Wenyeji wakaja, wakaweka dhahabu, wakajitenga. Dhahabu isipotosha, Wakarthago wanarudi melini wanangoja, na wenyeji wanaongeza. Hakuna anayemgusa mwenzake wala kumdhulumu. Biashara ya kasha inafanana na hiyo kwa kila kitu isipokuwa meli: hakuna anayengoja pale ng'ambo kukuona kama umepunja. Matokeo yake unayaona ukifungua makasha ya zamani. Siku ya kwanza mwenye kasha ameweka vitu vya kupendeza. Anakuja mtu anachukua tochi nzima anaacha gololi. Anakuja mwingine anachukua gololi anaacha kitufe. Wa tatu anaacha tiketi yake ya basi, na kwa hesabu yake mwenyewe hajamdhulumu yeyote, maana kitufe na tiketi ni mamoja. Kila mmoja ameshuka ngazi moja tu, nalo kasha limefika chini ya ardhi. Kwa hiyo mimi sikubaliani na hao wa “thamani sawa”. Ukiacha sawa, umeliacha kasha pale ulipolikuta, na halitapata wa kulipandisha. Acha zaidi, japo kwa shilingi 10.

Lakini zaidi kwa macho ya nani? Hapa ndipo mtu mzima hupotea. Watu wazima wengi hawabadilishani chochote. Wanasaini, wanapiga picha, wanaondoka. Anayetia mkono ndani ni mtoto, tena wa miaka sita hadi kumi, na mtoto hajui kwamba kalamu nzuri ni kalamu nzuri. Anajua meno, magurudumu, macho, kitu kinachong'aa, kitu kinachobonyea. Kuna duka moja huko Portland tuliloingia na wifi yangu ambalo lilikuwa likiuza vifurushi vya vitu vya kuwekea makasha, vimeshapangwa, na ndani yake mna vifungio vya funguo. Mtoto wa miaka saba ana funguo gani?

Kuna na vitu ambavyo havibadilishwi kabisa, na mgeni asipoambiwa anaweza kuviiba bila kujua. Ni vibati vya chuma na sarafu nzito zilizochongwa namba ya siri. Mwenyewe amekipa kibati chake safari, kifike mji fulani, na kila anayekipata anakisogeza mbele na kuandika kilipofikia. Huweki kitu unapokichukua, ila unachukua dhamana. Binti wa kaka yangu ana kibati alichokiandikia kifike Mombasa. Kwa sasa kiko Slovakia, na amekasirika.

Beavercreek tulikwenda siku ya mvua, kupitia Oregon City, ambako wale wahamiaji wa karne ya 19 walifikia mwisho wa njia yao ya mikokoteni. Inasemwa njia hiyo nzima ilikuwa imetapakaa majiko, vitanda na makabati waliyoyatupa ng'ombe walipochoka. Baada ya hapo ni mashamba, farasi waliofunikwa mablanketi, na mashamba ya miti ya Krismasi iliyopangwa mistari. Ndoo yenyewe haipo siku nyingi. Mwaka 2003 wachezaji waliweka kibao cha kumbukumbu mahali pake, kwenye namba zilezile za Ulmer, 45° 17.460′ kaskazini na 122° 24.800′ magharibi. Lile kopo la maharage lilipatikana, na tangu hapo wanalipeleka kwenye mikutano yao mikubwa watu wapige nalo picha. Katika vitu vyote vya ndoo ile, kile kisichochukuliwa na mtu ndicho kilichokuwa maarufu. Nadhani hakuna aliyelitaka.

Tuliwakuta pale mume na mke, wazee, wamevaa makoti ya mvua ya rangi moja. Kama kawaida ya wasakaji walijifanya wanatazama ndege mpaka walipoona simu zetu. Yule bibi akatoa mfukoni sarafu ya mbao, imechomwa kwa moto picha ya bundi na jina lao la mchezo. Wanazitengeneza wenyewe gerejini na kuacha moja kila wanakokwenda, hata mtu aliyewafuata nyuma akiona bundi anajua nani alipita. Binti wa kaka yangu akafungua mkoba wetu wote juu ya boneti ya gari, na mvua inanyesha, akamwambia achague. Bibi alichukua muda. Aliipita bangili nyekundu, akaipita bluu niliyokuwa nimeibashiria, akachukua ya kahawia na nyeupe, iliyopoa kuliko zote, ambayo mimi niliinunua kwa sababu tu muuzaji aliniongezea. Akaivaa palepale. Mzee akataka tembo, akamchomeka kwenye utepe wa kofia. Mtoto akanigeukia na kuninong'oneza kwa Kiswahili ili wasisikie: “Wazee wanataka rangi za chai.”

Kaskazini, upande wa Seattle, nilitaka kuliona kasha moja tu. Mwaka 2001 kampuni ya 20th Century Fox, ikitangaza filamu ya Planet of the Apes, ilificha makasha sehemu mbalimbali za dunia na kutia ndani yake vifaa halisi vilivyotumika kwenye filamu. Hebu fikiria, kwa mchezo ambao kitu cha kawaida kuachwa ni gololi. Vifaa vile vilichukuliwa na waliofika mwanzo, kama ilivyotarajiwa, na makasha yenyewe karibu yote yametoweka. Mawili yaliyosalia kwenye mchezo leo, moja liko Brazili na jingine karibu na Snoqualmie Pass, jimbo la Washington. Hilo la Snoqualmie liliibwa mwaka 2011, chuma chote, na likarudishwa kwenye mchezo mwaka 2016. Kulifikia unapita handaki la zamani la reli lenye urefu wa kilomita 3.6 hivi. Humo mna giza la kweli na baridi inayotoka ukutani hata kama nje kuna joto, na majira ya barafu wanalifunga kabisa. Tulitembea na tochi, kaka yangu akiimba ili asiogope na kusema anaimba ili mtoto asiogope. Upande wa pili, kupanda kidogo mlimani, tukalikuta: kasha kubwa la chuma la jeshi, limefungwa barabara, ndani kukavu.

Humo niliweka leso. Pembeni mlikuwa na vibati, bundi wa mbao wa watu wengine, beji za skauti, sarafu za Japani zenye tundu katikati, kobe hakuna. Hakuna hata kimoja ambacho ungekiuza. Na hiyo ndiyo siha ya kasha, kwa maoni yangu. Kitu cha bei kubwa huja na mwenye kukifuata, akishakichukua ameondoka na mchezo. Wakati mwingine anaondoka na chuma pia. Kitu cha kuacha ni kile ambacho mtu atarudi nacho nyumbani akakiweka dirishani jikoni, na mwizi akikiona hata hakigusi.

Nimesharudi Mombasa. Juzi umeingia ujumbe wa sauti. Kobe wa Forest Park amechukuliwa. Aliyemchukua ameandika kwamba mtoto wake amelala naye, na ameacha kijigari chenye magurudumu manne yote, jambo ambalo limepokewa Portland kwa furaha. Baada ya habari hiyo ikaja oda. Kobe waje wengi, lakini wa bluu, wa pinki hawatoki. Simba wameisha, tembo wamebaki, twiga hakuna anayemtaka kwa sababu sarafu yake ndogo. Bangili za kahawia kwa ajili ya wazee, basi. Leso moja moja, kwa makasha ya chuma peke yake. Na Shangazi akipata nyoka wa ndara, hata mmoja, amlete kwanza yeye amwone kabla ya kasha.

Nimempigia fundi. Kobe wa bluu anao, nyoka anasema hajawahi kuagizwa ila atajaribu, na kwa kuwa ni kazi mpya bei yake itakuwa ya kobe wawili. Tumeshindana hadi kobe mmoja na nusu.